Kapolowe: Maji ya bwawa yakigeuka kijani, shaba si dawa

Kwa mfugaji wa samaki, saa mbaya kuliko zote ni saa kumi na moja alfajiri. Ndipo samaki wa bwawa lililojaa mwani wanapopanda juu, midomo wazi, wakitafuta hewa kwenye uso wa maji mazito yenye rangi ya sombe. Jua likichomoza wanazama tena. Mwenye bwawa asiyeamka mapema anaweza kukaa wiki nzima bila kujua kuwa ana tatizo, hadi asubuhi atakayokuta tilapia wanaelea matumbo juu.

Katika eneo la Kapolowe, kati ya Lubumbashi na Likasi, samaki ni bukari ya kila siku na ni ada ya shule ya watoto. Watu wa huku wameishi na mto Lufira na ziwa Tshangalele, ziwa lililozaliwa baada ya mto huo kuzibwa pale Mwadingusha, ambako kituo cha umeme kilianza kazi mwaka 1930. Wavuvi ni wengi, nyavu zenye matundu madogo nazo ni nyingi, na ndiyo maana familia zenye nafasi kidogo na chemchemi karibu huchimba bwawa lao nyuma ya nyumba. Ari moja, yaani mita kumi kwa kumi, inatosha kuanzia. Kinachowashinda wengi si kuchimba. Ni rangi ya maji miezi michache baadaye.

Tatizo hujitokeza zaidi mwezi wa Oktoba. Baridi ya kiangazi imekwisha, jua linawaka, maji ya bwawa yamepungua na yamepata joto. Halafu mvua ya kwanza inashuka na kubeba kila kitu kilicholala juu ya udongo tangu Mei: samadi ya mbuzi, majivu, mabaki ya mbolea ya shamba la mahindi. Vyote vinaingia bwawani. Baada ya siku chache maji yanakuwa kama supu, au nyuzi ndefu za kijani zinafunika uso mzima na kunasa kila wavu unaotupwa.

Hapo ndipo mtu hufikiria dawa. Na dawa inayojulikana kuliko zote duniani kwa kuua mwani ni ya kuchekesha kwa mkazi wa Haut-Katanga, kwa sababu ni shaba.

Mwaka 1904 wataalamu wawili wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, George Moore na Karl Kellerman, walichapisha matokeo yao kuhusu salfeti ya shaba, yale mawe ya bluu yanayoyeyuka majini. Walionyesha kwamba kiasi kidogo sana kinatosha kuua mwani katika mabwawa ya maji ya kunywa ya miji. Tangu hapo mawe ya bluu yametumika karibu kila bara. Yanafanya kazi upesi, na bei yake si kubwa. Mtu anayeishi kando ya barabara inayopitisha malori ya shaba usiku na mchana anaweza kujiuliza kwa nini asitumie kile ambacho nchi yake inacho kwa wingi.

Sababu ya kwanza ni kwamba shaba haiozi. Dawa nyingine huvunjika kwa jua au kwa muda, lakini shaba ni metali. Ikishaua mwani inashuka kwenye tope la chini na kukaa humo. Mwaka unaofuata mwani unarudi, kwa sababu chakula chake hakikuondolewa, na mwenye bwawa anaongeza shaba nyingine. Sababu ya pili ni samaki wenyewe. Kiasi kinachoua mwani na kiasi kinachoua samaki viko karibu sana, hasa katika maji laini yasiyo na chokaa, na konokono na wadudu wadogo wanaoliwa na samaki huenda kabla yao. Sababu ya tatu ndiyo inayowashangaza wengi. Hata kama shaba haikumgusa samaki, mwani wote ukifa kwa mpigo mmoja unaoza kwa mpigo mmoja, na kuoza kunakula oksijeni. Samaki wanakufa kwa kukosa pumzi, si kwa sumu.

Kwa Kapolowe kuna sababu ya nne. Mto Panda unapita Likasi, mji wa viwanda vya kusafisha madini, kisha unaingia Lufira kabla ya ziwa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha utafiti uliokuta kobalti na metali nyingine kwa wingi katika mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Mwaka uliofuata, jarida la Tropicultura lilichapisha uchunguzi wa shaba, kobalti, zinki, risasi, kadimi, urani na arseniki katika mlolongo wa chakula wa bonde la juu la Lufira. Katika nchi ambayo shaba tayari inatafutwa ndani ya samaki, kumwaga nyingine bwawani kwa mkono wako mwenyewe ni jambo gumu kulitetea.

Kwa hiyo uchaguzi wa chanzo cha maji huja kabla ya habari ya mwani. Bwawa linalolishwa na chemchemi au kisima kilicho mbali na mto ulio chini ya viwanda lina usalama zaidi kuliko lile linalovuta maji moja kwa moja mtoni. Vivyo hivyo tope la ukingo wa mto halifai kutandazwa kwenye kuta za bwawa, hata kama linashikana vizuri.

Mwani wenyewe si adui. Ndugu zake wa baharini wanalimwa na akina mama wa Paje na Jambiani kule Zanzibar na kuuzwa nje. Ndani ya bwawa, mwani mdogo usioonekana kwa jicho, ule unaoyapa maji rangi ya kijani, ndio malisho ya kwanza. Vijidudu vinaula, samaki wadogo wanakula vijidudu, na aina fulani za tilapia zinauchuja moja kwa moja. Bwawa la samaki lenye maji meupe kama ya chupa ni bwawa lenye njaa. Mchana, mwani unatengeneza oksijeni kwa nguvu za jua. Usiku unafanya kinyume, unapumua kama mnyama na kugombania oksijeni ileile na samaki. Ukiwa wa kiasi, hesabu inalingana. Ukizidi, oksijeni inakwisha kabla ya kupambazuka, na ndiyo maana ya ile saa kumi na moja.

Swali basi ni kijani kiasi gani, na kipimo chake hakihitaji maabara. Mwaka 1865 padri na mwanasayansi wa Kiitalia, Angelo Secchi, alishusha sahani nyeupe baharini kwa kamba ili apime uwazi wa maji. Bwawani, mfuniko wa kopo uliopakwa rangi nyeupe na kufungwa kwenye fimbo unafanya kazi hiyohiyo. Asiye na kopo anatumia mkono: anauzamisha wima, kiganja kikiwa kimefunguliwa, karibu saa sita mchana. Kiganja kikipotea machoni maji yakiwa yamekaribia kiwiko, yaani kama sentimita 30, bwawa liko sawa. Kikipotea maji yakiwa bado juu kidogo tu ya kifundo cha mkono, hatari ipo. Kikionekana hata baada ya kiwiko kuzama, maji yanahitaji mbolea kidogo. Kipimo hicho kinadanganya mahali pamoja tu: maji yakiwa na udongo mwekundu baada ya mvua, kiganja hupotea ingawa mwani haupo.

Mwani unaishi kwa vitu viwili, mwanga na chakula. Chakula chake hasa ni naitrojeni na fosforasi, vile vilevile vinavyouzwa kwenye mifuko ya mbolea ya mahindi. Anayetaka kuupunguza bila sumu anaanza na chakula, na kazi ya kwanza ni jembe. Mfereji mfupi upande wa juu wa bwawa, unaokata maji ya mvua yanayotiririka kutoka shambani na kwenye banda, huzuia zaidi ya dawa yoyote. Uchimbwe kabla ya mvua, na udongo wake urundikwe upande wa bwawa ili uwe ukuta.

Kazi ya pili ni kufunga mkono. Wafugaji wengi humwaga pumba za mahindi kwa sahani, wakidhani chakula kingi ni samaki wengi. Pumba ambazo hazikuliwa zinazama, zinaoza na kuwa mbolea. Njia ya busara ni kulisha mahali palepale, saa ileile, na kutazama: kisichokwisha ndani ya robo saa kilikuwa cha ziada. Maji yanapokuwa ya kijani kizito, kulisha na kuweka samadi kunasimama kabisa kwa siku kadhaa. Samaki hawatakufa njaa, kwa kuwa wamezungukwa na chakula. Lile rundo la samadi na majani linalofungiwa kwa fito kwenye kona ya bwawa nalo linatolewa nje mpaka rangi ipungue. Banda la nguruwe au kuku lililojengwa juu ya maji ni jambo zuri kwa wanyama wachache. Wakizidi, hakuna njia ya kiasili itakayoshinda kinachoanguka kutoka juu. Na nguo hazifuliwi ukingoni, kwa sababu sabuni za unga mara nyingi zina fosforasi.

Nyuzi za kijani zinataka mkono pia, lakini kwa namna nyingine. Huota kwenye ukingo wenye kina kifupi, ambako mwanga unafika chini. Zinazungushwa kwenye mti wa mwanzi wenye matawi, kama mtu anavyosokota uzi, na kuvutwa nje. Zikiachwa kando ya maji, mvua inazirudisha. Zikipelekwa kwenye matuta ya mboga zinakuwa mbolea. Kisha kingo zinachimbwa ziwe wima zaidi, ili hata mahali pafupi pawe na maji ya kufika mapajani. Kingo safi zina faida nyingine isiyohusu mwani: konokono wanaobeba kichocho hupenda kujificha kwenye majani ya ukingoni.

Baada ya chakula huja mwanga. Hapa bwawa la bustani lina mshirika mzuri, yungiyungi, ua la maji ambalo majani yake mapana hutanda kama sahani. Majani yakifunika kati ya theluthi na nusu ya uso wa bwawa la mapambo, maji ya chini yanapoa, mwanga unapungua, na mizizi inakula fosforasi ambayo mwani ungeila. Kwa bwawa la samaki wa kula, funiko liwe dogo zaidi, kwani kijani kidogo bado kinatakiwa. Mmea mwingine uliopo karibu kila lupango ni matembele. Yakipandwa kwenye ukuta wa bwawa na kuachwa yashuke hadi majini, yanakunywa mbolea ileile, na mama wa nyumba anayachuma kwa chakula cha jioni. Siri iko kwenye kuchuma. Mmea unaoachwa ufe majini unarudisha kila ulichokula, lakini unaokatwa na kutolewa unaondoka nacho.

Si kila jani linaloelea ni rafiki. Gugu maji, lenye ua zuri la zambarau, halifai kuletwa bwawani hata shina moja. Wavuvi wa Kisumu, kwenye ghuba ya ziwa Victoria, wanajua jinsi linavyoweza kufunga njia za mitumbwi kwa wiki chache. Bwawa linalofurika wakati wa mvua litalipeleka Lufira, na kutoka hapo hakuna atakayelirudisha.

Samaki nao ni sehemu ya jibu, na Katanga ina historia yake katika hilo. Katika miaka ya 1940 na 1950, kituo cha Kipopo, karibu na mji uliokuwa ukiitwa Elisabethville na sasa ni Lubumbashi, kilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza Afrika ambapo ufugaji wa tilapia mabwawani ulichunguzwa kitaalamu. Mwaka 1949 mji huo ulipokea mkutano wa Waingereza na Wabelgiji kuhusu ufugaji wa samaki. Mbinu iliyosambazwa katika miaka hiyo ilikuwa kuchanganya aina mbili: Oreochromis macrochir, anayekula mwani mdogo na tope laini, na Coptodon rendalli, ambaye wakati huo aliitwa Tilapia melanopleura, anayetafuna majani na nyuzi. Mmoja anapunguza supu, mwingine anapunguza nyasi. Ni akili inayofaa hata leo, na mfugaji anayepata vifaranga vya aina hizo hana sababu ya kutafuta samaki wa mbali.

Ila tilapia huzaana haraka kuliko pesa inavyoingia. Baada ya miezi sita bwawa linaweza kujaa samaki wa ukubwa wa kidole, na kila mmoja anakula na kunya. Samaki waliozidi wanarutubisha mwani kuliko wanavyoula. Kuvuna wadogo mara kwa mara, au kuweka kambale wachache wawale, kunasaidia maji kama kunavyosaidia mizani ya sokoni.

Dawa moja ya asili inayotajwa sana Ulaya ni mabua ya shayiri. Mwaka 1990 watafiti wa Uingereza walichapisha majaribio ya mfereji wa Chesterfield, ambako mabua hayo yaliyoachwa yaoze polepole majini yalipunguza nyuzi za mwani. Kiasi kinachopendekezwa kwa mabwawa ya bustani ni gramu 10 hadi 25 kwa kila mita ya mraba, kwenye mfuko wa wavu ulegezwe, karibu na uso ambako hewa inafika. Hayaui mwani uliopo, bali hupunguza mpya kuota, na huanza kazi baada ya wiki kadhaa. Matokeo yake hayalingani kila mahali. Katanga haina mashamba ya shayiri ya kutosha kujaribu. Shayiri inayofika huku hufika kama kimea cha bia, na machicha yake yanayolishwa nguruwe si mabua. Yakitupwa bwawani ni chakula cha mwani tu. Mabua ya mahindi, ambayo kila mtu anayo, hayana ushahidi kama huo na yakirundikwa majini yanaoza na kumaliza oksijeni. Bora yabaki shambani.

Mashine za kuchuja maji kwa taa, zinazouzwa kwa mabwawa ya mapambo ya Ulaya, hazihitaji maneno mengi mahali ambapo umeme unakatika. Ni ajabu kidogo kwa eneo lenye Mwadingusha, lakini ndivyo ilivyo.

Kazi yenye manufaa makubwa kuliko zote hufanyika mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa kiangazi. Samaki wanavuliwa, bwawa linakaushwa kabisa, na sakafu yake inaachwa ipigwe na jua hadi ipasuke, wiki moja au mbili. Tope jeusi lenye harufu linachimbuliwa. Hilo ndilo ghala la fosforasi ya miaka yote iliyopita, na bila kulitoa, mfereji na yungiyungi vinafanya nusu ya kazi. Kama maji ya bwawa yanatoka kwenye chanzo safi, tope hilo linafaa sana kwa migomba na mboga.

Kisha inakuja chokaa, na hapo Likasi ina bahati, kwa kuwa Kakontwe kando ya mji inajulikana kwa mawe yake ya chokaa. Chokaa ya kilimo, kilo 10 hadi 20 kwa ari, inatandazwa kwenye sakafu iliyokauka. Inapunguza uchachu wa udongo, inafanya maji yasiyumbe, na inashika sehemu ya fosforasi iliyobaki. Chokaa iliyochomwa, ile inayochemka ikiguswa na maji, ni kitu kingine. Inaunguza ngozi na macho, na ikitiwa kwenye bwawa lenye samaki inawaua wote. Kosa hilo hufanyika kwa sababu mifuko inafanana.

Kuna rangi moja ambayo haistahili subira. Maji yakifunikwa na utando kama rangi ya ukuta iliyomwagika, kijani cha bluu, unaorundikana upande upepo unakokwenda na kunuka vibaya, huo si mwani wa kawaida. Ni vijidudu vinavyofanana na mwani, na baadhi yao hutoa sumu inayoharibu ini, mikrosistini. Kuchemsha maji hakuiondoi. Watoto wasiogelee, mbuzi na bata wasinywe, na samaki wasivuliwe kwa kula mpaka utando uishe. Kupunguza chakula na kubadilisha sehemu ya maji ndiyo njia ya pekee ya nyumbani. Kuupiga kwa shaba ni kosa kubwa zaidi hapa kuliko popote, kwa sababu vijidudu hivyo vikipasuka vinamwaga sumu yao yote majini kwa mara moja.

Na kwa alfajiri ile ambayo samaki tayari wako juu, midomo wazi, hakuna muda wa yungiyungi. Maji mapya kutoka kwenye chemchemi yaingizwe kwa kuangushwa kutoka juu, yapite kwenye ungo au jani la bati lililotobolewa ili yabebe hewa, na maji ya chini, yaliyo mazito, yatolewe kwa bomba upande wa pili. Asiye na mfereji anaingia na ndoo: anachota, anainua, anamwaga, bila kukoroga tope, hadi jua lipande juu ya miti na mwani uanze tena kazi yake ya mchana. Siku hiyo samaki hawalishwi.